Mkanda wa Bwawa Lenye Ufa

Dorkas aliteremsha karai, maandazi yakiwa bado meupe, akalimwagia jiko maji. Lilipozimika akakimbilia banda la video.

Lori la petroli lilikuwa limelala ubavu kule juu kwenye kona. Dereva na utingo wake walitoka wazima, wakatimkia porini bila kuaga mtu. Petroli ilikuwa inateremka mtaroni, taratibu kama maji ya mvua, na mtaro ule unapita nyuma ya banda, palipofungiwa jenereta. Na ndani ya banda alikuwamo mumewe, Antipasi.

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, Shelui nzima ilikuwa imepagawa na video. Siku hiyo ulikuwa mkanda wa bwawa lenye ufa. Mzungu mmoja mzee anapiga kelele kwamba litapasuka; wakubwa wanamwambia angoje, kwanza wakate keki. Mughwai, mwenye banda, alisimama na maikrofoni akiwasemea wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, watu wakicheka mpaka machozi.

"Wazungu wajinga hawa!" alisema Antipasi. "Angekuwa Mnyiramba, saa hizi yuko Nzega!"

Dorkas akamfuata Mughwai. "Zima jenereta, baba. Petroli inakuja."

Mughwai akaziba maikrofoni kwa kiganja. "Mama Asnath, hawa wamelipa. Nikizima sasa watanila nyama. Ngoja bwawa lipasuke, nitazima."

"Litakalopasuka ni banda!"

"Kidogo tu, mama."

Dorkas akampokonya maikrofoni. "Jamani, tokeni! Tutakufa! Tokeni!"

Kwenye video nako kulikuwa na mama wa Kizungu, ameshika kichwa. Banda zima likapiga makofi.

"Leo Mughwai katuletea na sauti ya kike!" mmoja akashangilia.

"Tena huyu analia vizuri kuliko mwenyewe," akasema mwingine.

"Baba Asnath!" Sasa Dorkas alilia kweli. "Ni mimi! Lori limeanguka kwenye kona, petroli inamwagika mtaroni, hakuna hata wa kuizuia!"

Kicheko kikakatika. Antipasi akasimama. "Mtaro upi?"

"Huu hapa nyuma yenu!"

Wakatoka. Mlango ulikuwa mmoja, wakausaidia kwa kung'oa bati la ubavuni. Mughwai alizima jenereta mwenyewe, safari hii bila kubembelezwa, akawapita hata waliotangulia. Mzungu mzee akabaki gizani na bwawa lake.

Dorkas aliketi kwenye benchi tupu, akamshukuru Mungu kwa machozi. Binadamu ni mgumu kusikia, lakini akisikia, amesikia.

Alipotoka nje, barabara ilikuwa kimya. Kisha akamwona Antipasi anarudi mbio, anahema, macho yote kwake. Akamfungulia mikono.

Antipasi aliipita mikono ile mpaka kwenye meza ya maandazi. Akainua ndoo, akamwaga maji yote chini, akageuka kuelekea kule kwenye kona, walikokwisha kupanga foleni wenzake.

"Mama Asnath, lete na madumu, Mughwai keshajaza pipa!" alisema, sigara ikiwaka mdomoni.