Uzi wa Peppina

Kobe alikataa kutoa kichwa.

Bonaria alikuwa amempakata juu ya taulo kuukuu, mkononi ameshika bomba la sindano lisilo na ncha, ndani yake dawa nyeupe, nzito. Akangoja. Kobe naye akangoja. Kwa kungoja, kobe huyu, Peppina, hakuwa na mpinzani uani pale.

Kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kinyesi cha asubuhi kilikuwa bado kinaelea, kimejaa nyuzi nyeupe zilizojikunja. Minyoo. Daktari wa mifugo alishasema: baridi ikiingia na kobe akalala usingizi wake wa miezi na hiyo minyoo tumboni, majira ya kuchipua hataamka.

Na Peppina asipoamka, mama mkwe naye haamki. Hilo hakulisema daktari. Alilisema mama mkwe mwenyewe, Tzia Gavina, yaani Shangazi Gavina kama wote walivyomwita, na kijiji kizima, hapo kisiwani Sardinia, kililijua. Siku Gavina alipozaliwa, baba yake aliokota kikobe kwenye shamba la ngano, akakitoboa ukingo wa gamba, akakifunga kwa uzi kwenye mtini wa uani. Akasema hawa wawili wamekuja pamoja, wataondoka pamoja. Sasa walikuwa wanakaribia karne. Uzi ulishabadilishwa mara nyingi. Mtini ni uleule.

Bonaria hakutobolewa popote, lakini kamba yake haikuwa ndefu kuliko ya kobe. Mumewe, akiwa anakata roho, alimwapisha asimwache mama peke yake mpaka mwisho. Akaapa, akidhani ni mwaka mmoja, miwili. Tangu hapo nywele zake zote zimegeuka mvi. Huko Genova, ng'ambo ya bahari, dada yake ana duka la keki, na kila Jumapili anapiga simu kuuliza, haya, lini? Begi liko chini ya kitanda, limefungwa tayari.

Siku daktari alipokuja, shemeji yake Efisio, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwepo, ameleta jibini kutoka zizini. Akacheka sana kuona kobe ameitiwa daktari.

"Shemeji, unajitesa bure. Ile dawa ya kondoo iko ghalani. Tone moja tu, minyoo yote kwaheri."

Daktari akageuka upesi. Akasema dawa hiyo inamponya kondoo na inamuua kobe, na mwaka huu tu ameshaona wengi waliokufa hivyo kwenye nyumba za wafugaji. Miguu inalegea, pumzi inakatika. Tzia Gavina alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo. Akauliza kama mnyama anaumia akifa namna hiyo. Daktari akamjibu hapana, ni kama kusinzia, kisha akampoza: asiogope, Bonaria ana mikono mizuri.

Kesho yake, Bonaria aliporudi kutoka kununua mkate, aliikuta chupa ya dawa ya kondoo dirishani jikoni. Akairudisha ghalani. Siku iliyofuata ilikuwa mezani, pembeni ya bomba. Akairudisha. Ikarudi.

Hakuuliza, alijua. Efisio huingia nyumba ile bila kubisha hodi, na kwa muda mrefu alikuwa anazungumza na watu wanaotaka kununua ua ule wajenge vyumba vya wageni. Mama akiondoka, njia nyeupe. Bonaria akaanza kumtazama shemeji yake kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

Mama mkwe, kwa upande wake, alizidi kuwa mzito. Siku hizo miguu ilimuuma kuliko kawaida, akataka kukandwa asubuhi na jioni. Na kila alipofumbua macho swali lilikuwa moja.

"Amekula?"

"Amekula, Mama."

Hapo Tzia Gavina hugeukia ukutani. Bonaria alidhani anamshukuru Mungu.

Mchana mmoja, baada ya kumbadilishia shuka na kisha kusimangwa kwamba supu yake haifai hata kuoshea sahani, Bonaria alikaa jikoni, ile chupa mbele yake. Akaichukua. Akavuta dawa kwenye bomba, nyangavu kama maji. Na Peppina, ambaye siku zote ni mpaka abembelezwe, akatoa kichwa mwenyewe, shingo yote nje, akamtazama.

Nani angejua? Lawama zingemwangukia Efisio. Bonaria akaliona duka la dada yake, na bandari chini yake, na yeye mwenyewe akitembea jioni bila kuulizwa anarudi saa ngapi.

Akaimwaga dawa kwenye sinki. Akalisugua bomba mpaka vidole vikamuuma, akavuta ile nyeupe, akamnywesha Peppina taratibu mpaka tone la mwisho.

Baada ya dozi ya pili daktari alikipima kinyesi, hakuona hata yai moja la mnyoo. Peppina alitafuna majani na kuuvuta uzi mpaka ukakaza. Bonaria alilitoa begi, akarudisha nguo kabatini moja moja. Kisha akamfungua kobe, akambeba mpaka chumbani na kumweka juu ya blanketi la mama mkwe.

"Amepona, Mama. Ataamka majira ya kuchipua, na wewe pia."

Tzia Gavina alilipapasa gamba mpaka kidole kikalipata tundu lililotobolewa na baba yake. Kikabaki hapo. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtiririka, na hayakuwa ya furaha.

"Unajua kutoka hapa kitandani mpaka ghalani ni mbali kiasi gani, kwa miguu hii?" alisema. "Kila ukitoka nakuwekea chupa karibu na mkono wako. Ulishindwa nini, mwanangu?"