Shahidi wa Pili

Kwenye Utando, programu ambamo watu wote huandika wanachokijua na kukiunganisha, jambo huwa kweli likiwa na mashahidi wawili walio hai. Nasra alikuwa mmoja wa walioujenga. Mumewe, mmoja wa mashahidi wao, alipozikwa, kiungo cha Nasra na mwanawe kilikatika na kuhitaji mashahidi wawili wapya, na leo lango la chekechea limekataa kumfungulia.

"Mwalimu, jamani, si unanijua?"

"Nakujua, mama Hamdani. Mimi nimeshashuhudia. Amebaki mmoja."

"Basi mtoto mwenyewe aseme! Hamdani, baba, waambie mimi ni nani."

Hamdani alimtazama kupitia nondo. Kisha akaigeukia skrini ya langoni, kama mama yake alivyomfundisha kufanya kabla ya kujibu lolote.

"Utando," akauliza, "huyu ni nani?"