Kona ya Kwanza

Kasmiri alipoiona kona alipunguza mafuta, akagusa breki kidogo, kama alivyozoea kwa miaka kumi na tisa.

Miaka hiyo yote aliendesha kigarimoshi cha kubeba mkonge kutoka shambani mpaka kiwandani, pale Ngombezi. Jioni, akirudi nyumbani na baiskeli, alisimama mbele ya nyumba ya meneja kuitazama Pijo yake nyeupe. Mashamba yalipotaifishwa, meneja alirudi kwao Ugiriki, akamwachia Kasmiri gari lile.

Wiki nzima alijifunza klachi na gia kwenye njia za katikati ya mkonge, ambazo zimenyooka kama rula. Leo Jumapili alikuwa anampeleka mkewe kanisani Korogwe. Mkewe alikuwa ameshusha kioo ili watu wamwone.

"Baba Rosa," alisema, "barabara inapinda."

"Nimeiona."

Alikuwa ametulia. Mwendo ulikuwa ule unaofaa kwa kona kali. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya usukani, umelala tu, kama mtu anavyoweka mkono begani kwa rafiki. Wa kulia aliuinua juu ya kichwa, mahali ambapo kwenye kigarimoshi palikuwa na kamba ya kupigia honi.

"Baba Rosa, kata kona."

Vidole vyake vilipapasa bati, vikaikosa kamba. Barabara ilikwenda kulia. Kasmiri alikuwa bado anazisubiri reli zimgeuze.