Jiwe Kando ya Jiko

"Ling'oe," Thirza alimwambia fundi. "Miaka arobaini na mbili linanigonga nyonga, sasa basi!"

Jiwe lilichomoza shibiri moja ukutani kando ya jiko, limeng'aa kwa kusuguliwa na aproni zake. Marehemu mumewe alikuwa na neno moja tu: "Liache." Naye Thirza alikuwa akimjibu kwamba kichwa chake na hilo jiwe ni mtu na nduguye.

Fundi aliinua nyundo, akasita, akatoka nje mvuani. Aliporudi, alivua kofia.

"Mama, ncha yake ya pili iko nje, upande wa zizi. Ukuta huu ni kuta mbili za mawe, katikati kifusi kitupu. Hili ndilo linalozishikanisha. Wenzake wote wamevunjika. Nikiling'oa, chai ya jioni utakunywa na ng'ombe."

Thirza alilitazama jiwe.

"Na yule mzee," alisema, "kunieleza kungemtoa roho?"

Akamimina chai vikombe viwili. Cha kwanza akampa fundi. Cha pili akakiweka juu ya jiwe, kisha akaliegemea taratibu, kwa nyonga ile ile.