Jengo Lisilojaa

Kengele ililia Mwanakombo akiwa ndiyo kwanza anaepua wali. Kafika mpangaji mpya. Basi katika jengo lile lisilo na mwisho kila mtu ahamie chumba kinachofuata, mikono mitupu, ili cha kwanza kibaki wazi. Hakuna anayekosa nafasi. Hakuna anayekula alichopika, na kurudi nyuma hakuna.

"Mama, inuka twende," Mwanakombo alimwambia mama yake.

"Nimechoka kuhama, mwanangu. Niache. Atakayeingia atanilisha."

Alimvuta mkono, akambembeleza, hadi jirani wa nyuma akaanza kugonga mlango. Akatoka peke yake, akilia kwa hasira.

Chumba kilichofuata kilinukia mchuzi wa mtu mwingine. Kitandani alikaa mzee asiyemjua, kapakata sahani tupu.

"Karibu, mwanangu," alisema mzee. "Na wewe umemwacha nani?"