Filimbi ya Depite

Wabebaji wa madini wa Omate walikuwa wamegoma siku ya tatu, mizigo imelala njiani, depite, mbunge wao, aliposhuka kwenye gari la tajiri wa machimbo.

Dorothée, mmoja wa wabebaji, alifurahi hata hivyo. Si depite ndiye aliyeunda sendika yao, chama cha wabebaji, akibeba kama wao? Paji la uso la depite lilikuwa bado na bonde dogo lililochimbwa na kamba ya mzigo.

“Papa depite, umuambie patroni: hii muzigo ya kilo makumi nane njo inatuua.”

Depite alitia mkono mfukoni. Alitoa filimbi ya sendika, ile ile ya zamani. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha: milio mitatu, tua mzigo; mlio mmoja mrefu, beba.

Akapuliza mlio mmoja mrefu.

Dorothée alikuwa bado anamtazama usoni, na mikono yake ilikwisha kuishika kamba.