Kila Mtu Ale Kwao

Goli la pili lilipoingia, Bonareri alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kapu lake la ndizi likapinduka, ndizi mbivu zikamwagika hadi ndani ya uwanja. Hakuziokota.

"Basi, Jethro amekwisha," Ogari alisema akitema mate pembeni. "Keroka wakifungwa na Nyaramba leo, leo hii anaacha umeneja. Atake asitake."

Bonareri alianza kuhesabu moyoni. Ghalani kwake wimbi uliobaki ulikuwa wa kujikongoja nao, kijiko kwa kijiko, mpaka mavuno. Jethro aking'olewa, wimbi ule haufiki popote, na watoto watalala wakiramba vidole. Hakuhitaji kuelezwa. Njaa alishaionja, walijuana vizuri.

Uwanja wa Keroka ulikuwa umelowa. Vijana walicheza miguu mitupu, wakiteleza kama waliopakwa samli, na mpira wa ngozi ulishakunywa maji ukawa mzito kama boga. Jethro alisimama kando ya mstari, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

"Mtazameni!" Ogari alisema. "Huyo ni meneja au mgeni wa harusi? Angekuwa Onyancha, saa hii watu wangekuwa wanalia. Mpira ukimpita beki, Onyancha alikuwa anamfuata beki na fimbo."

"Na ni wewe uliyepiga kelele afukuzwe kwa ajili ya fimbo hiyo hiyo," alimkumbusha Shueib, fundi cherehani wa mjini, aliyefunga duka ili aje kuumia na wenzake.

"Nilikuwa mjinga, Shueib. Kwani mjinga haruhusiwi kujirudi?"

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliofungwa mawili.

"Na si fimbo peke yake," Ogari aliendelea. "Ni ile kambi! Mechi kubwa ikikaribia, Onyancha anawakusanya vijana wote. Wanalala saiga moja, nyumba ya vijana, wanakula chungu kimoja. Nani angepata nafasi ya kuwatilia dawa kwenye chakula? Jogoo hajawika, wako mlimani wanakimbia, wanaimba."

Bonareri aliikumbuka sana ile kambi. Nyimbo zile zilikuwa zikimwamsha hata yeye.

"Ugali wa wimbi, nyama, maziwa ya kuganda," Ogari alizidi, mate yakimjaa mdomoni. "Walishiba wakang'aa! Huo ndio uongozi. Sasa huyu Jethro: mazoezi yakiisha anapiga makofi, haya vijana, kila mtu akale kwao. Kwao! Meneja gani huyo?"

"Kula kwao kuna ubaya gani?" Sauti ilimtoka Bonareri kabla hajaikamata, kali hata watu wakageuka. "Vijana wana mama zao. Jethro anafundisha kwa maneno. Hapigi mtu, hatukani mtu. Kwa nini msimpe muda?"

Ogari alimtazama, akatabasamu ule upole wake wa kuudhi. "Sisi tunakuelewa, mama. Ningekuwa wewe, hata mimi ningesema hivyo hivyo."

"Mwache mama wa watu," Shueib alisema. "Wewe unapiga domo, mzigo anaubeba yeye."

Hapo uwanja ukalipuka. Keroka walikuwa wamerudisha moja! Bonareri aliruka kuliko wanaume wote, kilemba kikamdondoka, akakikanyaga.

"Wakisawazisha, tumwachie Jethro msimu huu?" Shueib aliuliza.

Ogari alikuna kidevu. "Wakisawazisha, haya. Mimi si mnyama."

Na kama waliosikiwa, beki wa Nyaramba akaudaka mpira kwa mikono, mbele ya goli lake mwenyewe. Refa, karani mmoja mwenye kaptura ya kaki, akapuliza. Penalti.

Bonareri alifumba macho. "Bwana," alinong'ona, "hili moja tu. Sitakusumbua tena mpaka tuvune."

Alisikia hatua za mpigaji zikichapa matope. Akasikia kishindo. Halafu akasikia kimya, na baada ya kimya, mpira ukianguka mbali huko migombani.

Filimbi ya mwisho haikukawia.

Jethro hakubishana na mtu. Aliivua filimbi yake shingoni, akamwekea Ogari kiganjani, akapanda baiskeli.

"Jethro!" Bonareri alimwita. "Jethro, usikubali! Waambie hukubali!"

Hakugeuka. Alikanyaga pedali taratibu, mabega yamelegea, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

"Kwa Onyancha!" Ogari alipaza sauti, filimbi juu. "Twende tukamwombe msamaha sasa hivi! Hata kwa magoti!" Umati ukaitikia, wimbo ukaanza, na barabara ikajaa.

Bonareri alikuwa keshaanza kukimbia. Alikunja sketi akaingia njia ya mkato, katikati ya migomba, akavuka kijito bila kutafuta mawe ya kukanyaga. Alitaka jambo moja tu, afike nyumbani kabla ya habari. Alijikwaa, akainuka, akajikwaa tena. Kila alipodhani ameuacha wimbo nyuma, ulipanda naye kilima.

Alipoingia uani alikuwa hana pumzi ya kusema lolote. Na kusema kusingesaidia. Onyancha alikuwa amesimama mlangoni, shati jeupe limefungwa vifungo vyote, ameelekeza sikio barabarani, uso unamng'aa kama bwana harusi.

"Mke wangu," alimwambia, "bandika chungu kikubwa. Vijana wangu wanarudi."